Nyumba Zisizojibu

Mzee Mwakipesile alikutwa amefia kitini, redio ikiendelea kuimba pembeni yake, kidirisha cha hewa juu ya kichwa chake kikiwa wazi kabisa. Kengele ya hewa nzito, ile hewa ya mlimani inayoua bila harufu, ilikuwa imelia upande wa kwake tangu alfajiri. Nyumba yake ilitakiwa ijifunge yenyewe, kama zinavyojifunga nyumba zote za bonde la Lusungo mlima unapopumua. Badala yake ilijifungua, ikawasha feni, na kuivuta ndani ile hewa iliyotakiwa kubaki nje.

Kabla ya saa sita mchana sanduku la kuongoza kidirisha, lililobanduliwa ukutani kwake, lilikuwa mezani kwa Tusekile, vumbi la jikoni bado limeganda kwenye pembe zake.

Tusekile alikuwa mhandisi wa Shirika la Pumzi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika maelezo ya pini, vile vijiguu vya chuma vinavyoshikiwa nyaya. Mama yake alipomuuliza hiyo ni kazi gani, alimjibu, "Naiambia kompyuta mwili wake ulivyo." Hakuwa anatania. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na kiini, ile programu ya chini kabisa inayotawala nyingine zote, na kiini hakina macho. Kina viendeshi vyake, programu ndogondogo, kimoja cha feni, kimoja cha kihisio cha hewa, kimoja cha kidirisha, na kila kiendeshi kinajua kazi yake vizuri, ila hakijui waya wake umeshikwa wapi. Lazima mtu akiandikie: feni iko pini ya tisa, kihisio pini ya kumi na mbili, kidirisha pini ya kumi na saba, na hiyo ya kumi na saba ukiipa amri ya sifuri, si ya moja, kidirisha kinafunga. Kiini kinayasoma maelezo hayo kinapoamka na kinayaamini. Ukikiandikia kweli, kinatii. Ukikiandikia uongo, kinatii vilevile.

Aliweka bodi ya marehemu, kile kibao cha pini kilichokuwa ndani ya sanduku, kando ya bodi ya zamani aliyoitoa kabatini. Rangi moja, matundu yaleyale, hata maandishi yale madogo meupe yalikuwa yaleyale. Akaunganisha kidirisha cha majaribio kwenye bodi ya zamani, akaipa pini ya kumi na saba sifuri. Kidirisha kikafunga. Akakihamishia kwenye bodi ya marehemu, akaipa sifuri ileile.

Kidirisha kikafunguka.

Alirudia mara kadhaa, si kwa sababu alikuwa na shaka. Alikuwa anajipa muda kabla ya kusema.

"Mzee," alimwita mkuu wake, Mhandisi Mwaisumo, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuvua koti la mvua. "Kiwanda kimegeuza. Kwenye bodi mpya sifuri inafungua, moja ndiyo inafunga. Maelezo tuliyonayo ni ya bodi za zamani."

Mwaisumo alikaa. Alikuwa mtu mnene wa taratibu, na hofu ilipomshika alizidi kuwa wa taratibu.

"Sanduku lenyewe haliwezi kujua lina bodi gani?"

"Kuna pini ya utambulisho kwenye mchoro. Kwenye hizi mpya hawakuiunganisha. Kwa kiini zote ni sawa."

"Basi tuangalie zilifungwa wapi."

"Za kule juu tunajua, ni mpya zote. Lakini huku chini radi ya masika ya mwaka jana iliunguza masanduku mengi, na watu wakatafuta mafundi wao wenyewe. Kila fundi alifunga alichokipata. Hakuna anayejua nani ana nini."

Mwaisumo alitoa amri aliyoweza kuitoa: viendeshi vyote vya vidirisha visimamishwe, bonde zima. Kiendeshi kikiondoka, pini haina bwana, na springi inakirudisha kidirisha katikati, nusu wazi. Hakijafunga, hakijafunguka. Kwa hewa nzito kidogo hilo lingetosha mpaka wapite nyumba moja baada ya nyingine na bisibisi.

Ardhi ilitetemeka wakiwa bado wanazungumza. Kalamu zikabingirika mezani. Haikuwa kubwa, lakini watu wa Rungwe walikuwa wamezaliwa na kuzeeka na mlima huo unaopumua, na wote wawili waligeuka kutazama dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, umetulia, bila upepo hata kidogo.

*

Aliyeleta habari alikuwa Bupe, mtangazaji wa redio ya bonde. Studio yake ilikuwa chumba cha pili tu, na yeye ndiye aliyekuwa akipokea vipimo kutoka kwenye shimo la volkano juu ya mlima.

"Dada Tuse, inakuja," alisema. "Nyingi. Mshale wa vipimo vya huko juu umepita mwisho. Itafika huku alasiri."

"Watu hawawezi kutoka?"

"Watatokea wapi? Barabara inashuka mtoni kwanza, kule darajani chini ya nyumba zote, na huko imeshalala. Ng'ombe wa watu wanaanguka kule. Waokoaji wametoka Tukuyu na barakoa, ila ni wachache, na wataanzia nyumba za mwanzo ndipo waje huku."

Mwaisumo alisimama. "Tuyageuze maelezo. Bodi mpya ndizo nyingi ukihesabu bonde zima. Tuandike moja ni kufunga, tutume kote, turudishe viendeshi."

"Na wenye bodi za zamani?"

Mwaisumo alianza kufunga vifungo vya koti lake.

"Mzee, bodi za zamani ziko huku chini, na huku chini ndiko hewa inakojaa. Tukituma hivyo tunawafungulia sisi wenyewe."

"Nisipotuma chochote nyumba zote zinakaa nusu wazi, Tusekile! Unajua nusu wazi ni nini hewa ikiwa nyingi? Mtu mwenye mapafu mazuri atavumilia mpaka waokoaji wafike. Mzee hatavumilia. Mtoto mchanga hatavumilia."

Tusekile alikuwa ameshika bodi mbili, moja kila mkono, kama anayezipima uzito. Kiini hakina macho. Lakini ndani ya kila nyumba walikuwamo watu, na watu wana macho.

"Ile ya alfajiri imeshapita, na hii haijafika bado," alisema. "Nikirudisha viendeshi sasa hivi na kutuma sifuri kwa wote, hakuna atakayeumia. Nyumba zenye bodi za zamani zitafunga, zenye mpya zitafungua. Bupe awaulize redioni. Wote wana kitufe cha dharura pembeni ya sanduku, na kitufe hicho pini yake ni ileile kwa bodi zote. Aliyeona kidirisha kimefunga abonyeze mara moja. Aliyeona kimefunguka abonyeze mara mbili. Nitamwandikia kila mmoja maelezo ya nyumba yake."

Mwaisumo alimtazama, kisha akamtazama Bupe, ambaye tayari alikuwa anakimbilia studio.

*

Sauti ya Bupe ilikuwa nzito na ya pole. Watu wa bondeni waliizoea kwenye salamu za jioni na matangazo ya misiba. Siku hiyo aliongea nao kama anaongea na watu wa nyumbani kwao.

"Ndugu zangu, tazameni juu kwenye kidirisha chenu. Kimefunga? Nenda kwenye kitufe chekundu, bonyeza mara moja. Kimefunguka? Bonyeza mara mbili. Msiogope kikiwa wazi, tutakifunga. Bonyeza tu tujue."

Kwenye kioo cha kompyuta ya Tusekile nyumba zilikuwa nukta za kijivu zilizotawanyika kufuata mto. Nukta ya kwanza ikageuka kijani. Ikafuata ya pili, kisha zikaja kama mvua inayoanza kwenye bati. Moja. Mbili. Moja. Moja. Mbili. Alikuwa akiandika na kutuma, akiandika na kutuma. Kila jibu likawa mstari wake: nyumba hii, pini ya kumi na saba, sifuri ni kufunga. Nyumba hii, moja ni kufunga. Kila sanduku lililopokea lilizima na kuwaka upya, likasoma mwili wake kwa usahihi, likafunga.

Majibu yalipoanza kupungua, Bupe aliwaomba majirani. Anayejua sanduku la jirani yake lilibadilishwa baada ya radi, apige simu. Simu zikalia. Mwanamke mmoja alisema mama mkwe wake ni kiziwi, na sanduku lake ni lile la tangu zamani, yeye mwenyewe hulifuta vumbi. Mwingine alisema nyumba ya jirani haina mtu, wamekwenda harusini Kyela. Tusekile aliandika, akashukuru, akaandika tena.

Mwisho zikabaki nukta kumi na moja za kijivu, na hazikubadilika.

Bupe alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Tusekile. Alizitazama nukta zile, kisha akaweka kidole kwenye kioo, kwenye nukta moja iliyo peke yake karibu na kona ya mto.

"Hapa ni kwetu," alisema.

Tusekile aligeuka. "Wapo nyumbani?"

"Wapo. Nimeongea na mama asubuhi. Amenieleza habari za kuku wake mpaka nikamwambia mama, nina kipindi."

"Simu?"

"Haipatikani. Mtandao wa simu upande ule umekufa tangu tetemeko. Na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya mto."

"Sanduku lao lilibadilishwa?"

"Sijui, dada. Baba ndiye anayeshughulikia vitu hivyo. Anaweza kuwa amebadilisha, anaweza kuwa hajabadilisha. Mimi nikienda nakula, nalala, narudi." Aliondoa kidole kwenye kioo. "Sijawahi hata kulitazama."

Alirudi kwenye kipaza sauti. Tusekile alimsikia kupitia ukuta na kupitia redio kwa pamoja, sauti mbili za mtu mmoja.

"Tata, baba yangu. Mama. Ni mimi Bupe. Kama mnanisikia, nendeni kwenye kitufe. Mimi nasubiri. Niko hapa nasubiri."

Nukta haikubadilika.

*

Vipimo vilionyesha hewa imevuka shamba la chai la juu na inateremka. Mwaisumo alivuta kiti, akaongea kwa sauti ya chini.

"Hizi kumi na moja ziache. Ondoa kiendeshi, usiandike kitu. Zikae nusu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiandika sifuri na bodi ikawa mpya, umewafungulia wewe. Ni maelezo yako yaliyowaua. Usipoandika chochote, ni mlima." Alijifuta uso. "Sisemi hivyo kwa ajili ya shirika tu. Nasema kwa ajili yako. Utaishi na jambo hili."

Tusekile alijua anasema kweli. Alijua pia walio kwenye nyumba zile, kama watu wote wa bondeni wanavyojuana. Mwanamke aliyejifungua wiki iliyopita, pengine amelala na redio imezimwa. Mzee Kasyupa, asiyesikia, anayeishi na mjukuu wake. Watu waliobaki kimya kwa kawaida ndio wasioweza kusubiri. Na huku chini, kati ya waliojibu, waliobonyeza mara moja walikuwa wengi kuliko waliobonyeza mara mbili. Nyumba nne kati ya tano zilikuwa na bodi za zamani. Akiandika sifuri, nyumba nyingi katika zile kumi na moja zingefunga kabisa, watoto na wazee wangepona. Na moja, mbili, pengine tatu, zingefunguka na kuwasha feni.

"Nusu wazi, mtoto wa wiki moja hafiki jioni," alisema.

"Najua."

"Basi siwezi kuacha tupu ili nije nilale vizuri."

Bupe alikuwa mlangoni. Hawakujua amesikia kiasi gani. Kumbe alikuwa amesikia yote.

"Wazazi wangu wana nguvu," alisema. "Baba bado anapanda mlima kukata mianzi. Wakikaa nusu wazi wanaweza kuwasubiri waokoaji."

"Wanaweza," Tusekile alisema. "Ya kwenu naweza kuiacha peke yake. Nikaandika hizi kumi, ya kwenu nikaiacha nusu. Sema tu."

"Na kama bodi yao ni ya zamani?"

"Basi kwa sifuri wangefungiwa kabisa, wakawa salama, nasi tumewaacha kwenye hewa bila sababu."

Bupe alishika kizingiti kwa mikono miwili. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za ofisi, mweupe, usio na harufu yoyote.

"Dada Tuse, wangekuwa wa kwako ungefanyaje?"

Tusekile alitamani asiulizwe.

"Ningeandika sifuri."

"Basi andika."

Akaandika. Mstari mmoja kwa nyumba zote kumi na moja: pini ya kumi na saba, kidirisha, sifuri ni kufunga. Akatuma. Nukta zote kumi na moja zilizima kwa muda mfupi, zikawaka tena, na kioo hakikuonyesha tofauti yoyote kati ya iliyofunga na iliyofunguka. Kwa kiini, zote zilikuwa zimetii.

*

Waokoaji walifika kona ya mto jua likiwa bado halijazama, mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia, kwa kuwa nyumba za mwanzo zote walizikuta zimefunga vizuri, watu wakiwachungulia kupitia vioo na kuwapungia mikono. Mtoto wa wiki moja alikutwa ananyonya. Mzee Kasyupa alikutwa amekasirika kwamba kuna watu wanavunja mlango wake.

Katika zile nyumba kumi na moja, tisa zilikuwa zimefunga. Mbili zilifunguka. Moja haikuwa na mtu.

Nyingine ilikuwa ya kina Bupe.

Asubuhi iliyofuata hewa ilipokuwa imeondoka, Tusekile alikwenda mwenyewe. Mwaisumo alimwambia asiende, akaenda. Miili ilikuwa imeshachukuliwa. Ndani kulikuwa nadhifu, vikombe viwili mezani, chai imeganda utando. Mkuu wa waokoaji, kijana mrefu aliyeitwa Gwakisa, alisimama naye bila kuvua kofia.

"Mama alikuwa kitandani," alisema. "Baba alikuwa hapa." Akaonyesha kigoda kilichosogezwa chini ya sanduku. "Ameketi, ameegemea ukuta. Mkono ulikuwa juu."

"Juu wapi?"

"Hapo kwenye kitufe."

Tusekile alitazama redio iliyokuwa rafuni. Taa yake ndogo bado ilikuwa inawaka. Akatoa bisibisi mfukoni na kufungua sanduku. Bodi ilikuwa mpya. Fundi aliyeifunga baada ya radi alikuwa amechomelea feni, kihisio, kidirisha, vizuri kabisa. Waya wa kitufe alikuwa ameukunja nyuma ya bodi na kuuacha. Haukuwa umeshikwa kwenye pini yoyote. Pengine risasi ya kuchomelea ilimwishia, pengine mvua ilianza na akataka kuwahi nyumbani. Mzee angeweza kubonyeza mpaka kesho yake, mara mbili, mara mbili, mara mbili, na kiini kisingesikia chochote.

Kama ingeachwa nusu wazi, waokoaji wangewakuta hai wote wawili. Tusekile alilijua hilo kwa hesabu, na hakuna aliyemuuliza hesabu.

"Kuna kitu?" Gwakisa aliuliza.

Alifunga sanduku. "Kuna kitu."

*

Ripoti ya shirika iliandikwa siku ileile. Ilisema hitilafu ya kifaa, na kwa jinsi lugha ilivyopangwa, haikuwa uongo. Mwaisumo alimpa aisome. "Bupe asijue habari ya kitufe," alimsihi. "Ana mzigo wa kutosha. Anadhani walikuwa wamelala. Mwache adhani hivyo."

Tusekile alilibeba jambo hilo mpaka msibani. Uwanja wa kina Bupe ulijaa watu, wanaume wanachimba kaburi la pili kando ya la kwanza, akina mama wameketi kwenye mikeka, ndizi zinachemka kwenye masufuria makubwa. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Bupe alipomwona akanyanyuka, wakakumbatiana, na Bupe akamwambia sikioni, "Afadhali hawakujua kitu, dada. Ningekuwa nimewaita na wanasikia, ningepata kichaa."

Huo ulikuwa wakati wa kunyamaza, na Tusekile alikaribia kunyamaza. Lakini aliona atakavyokuwa akikutana na Bupe kila siku koridoni, na kila siku atakuwa anamwandikia kitu kisicho cha kweli, naye ataamini.

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, wakaketi kwenye matofali.

"Mdogo wangu, nikikwambia, utanichukia. Nisipokwambia, nitakuwa nimekuibia."

Akamwambia yote. Bodi mpya. Sifuri iliyofungua. Waokoaji waliowahi. Kitufe, kigoda, mkono, waya uliokunjwa. Hakutumia maneno ya ofisini. Alisema "mimi niliandika," na aliporudia akasema tena "mimi."

Bupe hakulia. Mbele ya nyumba wimbo mmoja uliisha na mwingine ukaanza.

"Kwa hiyo alinijibu," alisema hatimaye.

"Alikujibu."

"Nilikuwa nasema nasubiri, naye anajibu."

"Ndiyo."

Bupe alisimama, akajikung'uta vumbi la matofali. "Usije ofisini kwangu kwa siku nyingi," alisema, bila ukali. "Sitaki kukuona. Lakini leo usiondoke. Kaa mpaka tuzike."

Akarudi mbele. Tusekile alimfuata kwa mbali na kusimama mwisho wa mikeka. Mwanamke mmoja kijana, wa mojawapo ya zile nyumba kumi na moja, alikuwa amefika na mtoto wake mchanga mgongoni, na alipopiga magoti kumpa Bupe pole, mtoto akaamka na kuanza kulia. Mwanamke alitahayari, akataka kuondoka na mtoto wake. Bupe akamzuia, akamshika mkono.

"Mwache alie," alisema. "Kaa hapa, mama. Mwache alie."